Damu Haiongezwi kwa Rangi

Kuanzia Mwanjelwa mjini Mbeya hadi Kihesa mjini Iringa, mjamzito akirudi kliniki na kusema ameambiwa damu yake ni tisa, ushauri haukawii kumfikia. Jirani atamwambia achemshe rozela. Wifi ataleta bitiruti. Mwingine atamsisitizia juisi ya zabibu. Hoja yao ni moja: kilicho chekundu huongeza damu.

Nia ni njema, lakini rangi ya bitiruti haigeuki kuwa damu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya madini ya chuma yaliyoshikiliwa ndani ya protini iitwayo hemoglobini. Tena wekundu wenyewe si kipimo cha uzima, kwani mtu anaweza kuwa na damu nyekundu kuliko kawaida huku anakufa kwa kukosa oksijeni. Makala haya yanaeleza damu imeundwa na nini, inafanya kazi gani kwetu na kwa mifugo yetu, na mkazi wa Nyanda za Juu Kusini afanye nini ili aliyonayo isimpungukie.

Kilichomo ndani ya damu

Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, ana lita 4 na ushei. Ng'ombe wa kilo 300 ana kama lita 17.

Ukiingia maabara ukakuta kichupa cha damu iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande, kisha ikaachwa imesimama kwa saa kadhaa, utaona imejitenga yenyewe. Juu kuna majimaji ya manjano hafifu. Chini kumetulia tabaka zito jekundu. Katikati yake upo utando mwembamba mweupe, ambao usipokaza macho huuoni.

Majimaji ya juu ni plazma, nayo huchukua zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Takriban asilimia 90 yake ni maji. Kilichobaki ni protini, chumvi, sukari, mafuta, homoni, na taka kama yurea inayopelekwa kwenye figo. Protini iitwayo albumini huzuia maji yasivuje ovyo kutoka kwenye mishipa. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali wa kukosa protini huweza kuvimba miguu na uso. Plazma pia husambaza joto mwilini, na kwa msaada wa baikaboneti huzuia damu isiwe na asidi kupita kiasi. Kipimo cha pH ya damu hutakiwa kubaki kati ya 7.35 na 7.45, na kikitoka hapo kwa kiasi kidogo tu, maisha huwa hatarini.

Utando mweupe wa katikati una chembe nyeupe, askari wa mwili dhidi ya vimelea, pamoja na chembe sahani zinazoanzisha kazi ya kugandisha damu. Tabaka la chini ni chembe nyekundu. Katika tone dogo la milimita moja ya ujazo, zimo milioni 4 hadi 6. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa kwenye bandama na ini. Chuma chake hakitupwi. Hurudishwa kwenye uboho wa mifupa kutengenezea chembe mpya.

Chuma ndicho kinachobeba hewa

Molekuli moja ya hemoglobini ina atomi nne za chuma, na kila atomi hushika molekuli moja ya oksijeni kwenye mapafu na kuiachia kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na karibu theluthi mbili zake zimo ndani ya damu. Kwa hiyo anayepoteza damu anapoteza na chuma chake.

Wanyama hawakupewa damu ya namna moja. Chembe nyekundu za binadamu, ng'ombe na mbuzi hazina kiini, lakini za kuku, chura na perege wa Mtera zinacho. Pweza na kaa hutumia shaba badala ya chuma, na damu yao ikipata oksijeni huwa ya buluu. Senene hana haja ya hemoglobini ya kubebea hewa. Hewa humfikia kupitia vijitundu vya ubavuni na mirija midogo iliyosambaa mwilini, ndiyo maana ukimponda huoni damu nyekundu.

Damu ya mlimani na damu ya bondeni

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Iringa hauko mbali sana na kimo hicho. Makete na uwanda wa Kitulo viko juu zaidi. Katika mita 1,700, oksijeni iliyomo kwenye pumzi moja ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18. Figo hulihisi pengo hilo, zikatoa homoni ya erithropoietini inayouamuru uboho uongeze chembe nyekundu. Kwa hiyo mkazi wa mlimani mwenye afya huwa na hemoglobini ya juu kidogo kuliko nduguye wa pwani.

Hilo lina maana yake kwenye karatasi ya majibu. Kwa usawa wa bahari, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 11 kwa mjamzito, ingawa katika miezi ya kati ya ujauzito kiwango hushuka kidogo. Shirika hilohilo linashauri viwango vipandishwe kwa watu wanaoishi kwenye miinuko. Mwanamke wa Mafinga mwenye 12 kamili, basi, asijihesabu kuwa amevuka salama. Amuulize mtoa huduma kama majibu yake yamepimwa kwa kuzingatia mahali anapoishi.

Nacho kimo cha makazi kina upande wake wa pili. Baridi ya milimani hupunguza malaria, na aliyekulia huko hajengi kinga ya kutosha dhidi yake. Akishuka Kyela kufuata mpunga, Usangu kulima, au Pawaga na Mtera kwa biashara, anaweza kuumwa na mbu na kurudi nyumbani akiwa mzima, kisha akaugua wiki moja, mbili au zaidi baadaye. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, hula hemoglobini, kisha huipasua chembe na kuhamia nyingine. Homa yoyote baada ya safari ya namna hiyo ipimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama nyumbani kwenu mbu ni wa kutafuta.

Damu inapopungua

Dalili ni uchovu usioeleweka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuhema kwa kazi ndogo, na wengine kutamani kula udongo. Shusha kope la chini la jicho, tazama utando wa ndani. Ukiwa umepauka badala ya kuwa na wekundu wa nyama, nenda ukapime wingi wa damu. Tazama pia viganja vya mtoto, ukivilinganisha na vya mtu mzima mwenye afya. Hemoglobini iliyo chini ya 7 ni hali ya hatari inayotaka hospitali, si jikoni.

Kabla ya kuuliza ule nini, uliza damu inakwenda wapi. Huenda ni hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu, vidonda vya tumbo, malaria au minyoo ya safura. Lava wa minyoo hii hupenya ngozi ya miguu ya anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Minyoo ikishakomaa hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogokidogo, miezi na miaka. Kula vizuri huku safura imo ni kutia maji kwenye pakacha. Meza dawa za minyoo unapoelekezwa na kituo cha afya, vaa viatu shambani, tumia choo.

Kisha ndipo tuje kwenye sahani. Chuma kilicho rahisi zaidi kwa mwili kipo kwenye nyama, maini, samaki na dagaa. Maini yana vitamini A nyingi, kwa hiyo mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku. Maharage, njegere na mboga za majani vina chuma pia, ila utumbo hukipokea kwa shida. Ukiviongezea kitu chenye vitamini C, kama pera, chungwa au limau lililokamuliwa juu ya mboga, chuma kingi zaidi hupita. Hapo hata rozela ina nafasi yake, kwa vitamini C iliyomo wala si kwa wekundu wake. Mboga za majani na maharage huongeza pia foleti, na vyakula vya wanyama huleta vitamini B12. Bila hivyo viwili, uboho hushindwa kukomaza chembe nyekundu.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi wa mikoa ya chai. Mufindi na Rungwe hulima chai, na huku kikombe cha moto ni mwenzi wa kila mlo. Tanini za chai hukamata chuma cha maharage na mboga tumboni, kikapita bila kutumika. Kahawa nayo hufanya vivyo hivyo. Hakuna haja ya kuacha chai. Iachanishe na mlo kwa saa moja au zaidi, na usimezee kabisa vidonge vya kuongeza damu.

Vidonge hivyo, vyenye chuma na asidi ya foliki, hutolewa kliniki kwa wajawazito. Hufanya choo kiwe cheusi, na wengine huvitupa kwa hofu hiyo. Weusi huo ni chuma kilichobaki, hauna madhara. Vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya chakula, na umweleze muuguzi badala ya kuviacha kimyakimya. Viweke mbali na watoto, maana chuma kingi kwa mpigo ni sumu kwao.

Jiko la mkaa chumbani

Juni na Julai, baridi ya Mbeya, Makete na Mufindi huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu hubaki nyekundu, pengine ya kung'aa, lakini haibebi tena hewa. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kupimia oksijeni huweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anazidiwa.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukiona waliolala chumba kimoja wote wanalalamika kichwa asubuhi, shuku jiko. Watoe nje mara moja, wapeleke hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Ota moto kabla ya kulala, kisha jiko litoke nje. Kulifunika majivu hakusaidii, kwa sababu kaa linalofukuta bado linatoa gesi.

Selimundu na baridi

Mtoto mwenye selimundu amerithi hemoglobini yenye kosa dogo mno la kikemia kutoka kwa baba na mama. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Baridi, kiu na homa huchochea hali hiyo, na baridi ndiyo tuliyo nayo tele. Mvalishe soksi, kofia na sweta. Mpe maji ya kunywa hata kama hana kiu. Homa yake isisubiri kesho, na kliniki asikose. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza mashambulizi kwa wagonjwa wengi ikitumiwa chini ya usimamizi wa daktari. Wachumba wanaotoka kwenye familia zenye ugonjwa huu wapime kabla ya kuzaa: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto mgonjwa.

Kwa mfugaji

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe na Iringa wana adui mkubwa ambaye ni kupe. Magonjwa anayoleta hutofautiana kulingana na yanavyoishambulia damu. Ndigana kali huvamia chembe nyeupe: tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mwisho ng'ombe hupumua kwa shida. Ndigana baridi hushambulia chembe nyekundu. Ng'ombe hupauka, huweza kuwa na manjano machoni, hudhoofika na kutoa kinyesi kikavu. Ugonjwa wa mkojo mwekundu huzipasua chembe hizo ndani ya mishipa, hemoglobini ikamwagika na kutokea kwenye mkojo.

Kwa kuwa dawa ya mmoja huenda isitibu mwingine, usichome sindano kwa kubahatisha. Mwite afisa mifugo achukue damu kidogo aipake kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini. Ogesha mifugo kwa ratiba, na uulize kuhusu chanjo ya ndigana kali. Kwa mbuzi na kondoo, kope linafaa kama kwa binadamu. Lishushe kwa kidole gumba, na likiwa jeupe badala ya jekundu, mnyama huenda ana minyoo inayonyonya damu kwenye tumbo.

Mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, shuku kimeta. Usimchune, usimpasue, usile nyama yake. Hewa ikigusa damu hiyo, vimelea hujigeuza mbegu sugu zinazodumu miaka mingi ardhini. Toa taarifa, mzoga ufukiwe kwa kina au uchomwe kwa maelekezo ya mtaalamu. Vilevile damu mbichi ya mnyama si ya kunywa. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo nchini mwaka 2007, huambukizwa pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa.

Damu inapomwagika

Mchinjaji anayekoroga damu ya ng'ombe kwa kijiti kabla haijaganda huona nyuzi nyeupe za kunata zikijizungusha kwenye kijiti. Hizo ni nyuzi za fibrini. Jeraha likitokea, chembe sahani huziba tundu kwanza, kisha kwa msaada wa kalisi na protini nyingine nyuzi hizi husukwa juu yake na kunasa chembe nyekundu, donge likakaza. Kazi yako ni kuzipa nyuzi hizo muda.

Kwa hiyo, iwe ajali ya bodaboda mjini au ya gari mlima Kitonga, bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kukifunua kila mara kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Mlaze majeruhi na umfunike asipate baridi. Kilichochoma na kubaki ndani usikichomoe. Masizi, kahawa, dawa ya meno na petroli visiguse kidonda. Anayetokwa damu puani akae ameinama mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10.

Jikinge mwenyewe kwa glavu, na zikikosekana, mifuko ya plastiki. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Damu ya mtu ikikuingia kwenye jeraha au jichoni, osha kwa maji mengi na ufike kituo cha afya haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

Kuchangia damu

Hakuna kiwanda kinachotengeneza damu. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, majeruhi, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hutegemea aliyekwisha kuchangia. Tuseme aliyekwisha, kwa kuwa damu anayoitoa ndugu leo lazima kwanza ipimwe kundi lake, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mgonjwa anayevuja damu hana saa za kusubiri.

Anayefaa ni mwenye miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na hemoglobini isiyopungua 12.5. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Njia kongwe ya kupima ni ya kuvutia: tone la damu kutoka kidoleni hudondoshwa kwenye maji ya buluu ya salfeti ya shaba. Lenye hemoglobini ya kutosha ni zito, huzama moja kwa moja. Pungufu huelea au husitasita. Ukipita, hutolewa mililita 450, kazi ya dakika 10 hivi. Mfuko una sitrati, inayoifunga kalisi ili damu isigande, na sukari ya kuzilisha chembe. Damu hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 kwa siku 35, kisha haifai tena. Ndiyo maana akiba hushuka shule na vyuo vinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi ni nguzo kubwa ya uchangiaji.

Baada ya kutoa, kaa robo saa, kunywa maji mengi, usibebe mizigo mizito siku hiyo. Plazma hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na kwa sababu hiyo mwanamume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda mjini Mbeya, na kwa Iringa uliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kundi lako na majibu ya vipimo utaelezwa kwa siri, bila malipo. Ukikutwa una damu pungufu na kukataliwa, usione aibu: umepimwa bure, sasa tafuta chanzo, tibu, kula ipasavyo, kisha rudi.